Nimfungie nini binti yangu wa sekondari?

Swali: Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Hela ya chipsi kila siku imenishinda. Nimfungie nini? Mama, Temeke

Jibu: Pole na majukumu, mama. Fungasha vyakula visivyo na mchuzi: viazi vitamu vya kuchemsha au chapati, dagaa waliokaangwa wakakauka au yai lisilomenywa, na konzi ya karanga. Wali wa nazi uache. Joto la Dar es Salaam huuchachisha upesi.

Usisahau chungwa. Binti aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na vitamini C husaidia mwili kuyafyonza yaliyomo kwenye chakula. Chai huzuia kazi hiyo, kwa hiyo mpe maji safi ya kunywa.