JIANDAE KWA KRISMASI TANGU MAVUNO



Somo letu la leo ni la afya, ingawa mwanzoni utaona kama ni somo la fedha. Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Njoo Mwanjelwa tarehe 23 au 24 Desemba. Utakuta watu wamejaa sokoni na barabarani mpaka magari yanapita kwa shida. Mama amemshika mtoto mkono, mtoto analilia viatu. Baba amebeba mchele begani. Wauza kuku hawapunguzi bei, maana wanajua utanunua tu. Watu wametoka Umalila, Uporoto, Usangu na Rungwe, na kila mmoja ana haraka. Katika siku hizo mbili fedha iliyotokana na jasho la mwaka mzima huweza kwisha.

Sasa njoo zahanati mwezi wa Januari. Hapo ndipo mimi ninapokutana na watu wale wale. Mmoja anasema kichwa kinamwuma na usingizi haupati. Mwingine tumbo linamwaka moto. Mzee mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu hakumeza vidonge kwa wiki tatu, kwa sababu fedha ya dawa ilinunua soda na mchele. Nikimpima naona 180 juu na 110 chini. Inatakiwa iwe chini ya 140 na chini ya 90. Nampa dawa, lakini nikimwuliza vizuri naambiwa habari ya deni. Kwa deni sina kidonge.

Mimi ni kijana, na si vizuri kijana kumfundisha mzee namna ya kutumia fedha yake. Basi nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitaka kurudi nyumbani kwa fahari. Nilikopa shilingi 100,000 kwa mtu wa riba, nikakubali kurudisha 130,000 mwisho wa Januari. Nilimnunulia mama kitenge kizuri, wadogo zangu nguo na viatu, na vinywaji kwa majirani. Tulifurahi siku mbili. Januari nilikula ugali na mchicha wa kuokota, huku nikiwafundisha mama wajawazito wale mayai na maharage. Februari mama aliniita. Mahindi yake yalikuwa yamegeuka manjano kwa kukosa mbolea ya kukuzia. Aliniambia, "Mwanangu, kitenge nimekivaa mara moja. Ungeniuliza, ningekuambia ninahitaji mfuko wa mbolea."

Maneno hayo yamebaki kichwani mwangu. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

DESEMBA YETU IKOJE?

Kwetu Mbeya na Iringa sikukuu huja wakati mbaya kwa mfuko. Mahindi huvunwa kuanzia Juni. Mvua huanza Novemba, nasi tunapanda. Kwa hiyo Desemba ikifika mbegu na mbolea ya kupandia zimekwisha kula fedha, na mbolea ya kukuzia bado inasubiri. Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali. Lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi.

Halafu kuna chakula. Tufanye hesabu. Familia ya watu sita, kila mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, inakula kilo 3. Kwa siku 30 ni kilo 90, yaani karibu gunia moja. Watoto wadogo hula pungufu, lakini wageni nao huja. Mahindi mabichi hatuyapati mpaka Machi au Aprili. Kwa hiyo mtu anayeuza magunia mawili tarehe 20 Desemba ili apate nyama na nguo, ameuza chakula cha Februari na Machi. Katika miezi hiyo ndipo tunapopima watoto kliniki na kukuta uzito haupandi, au umeshuka. Mtoto hakumbuki tena gauni la Krismasi. Ana njaa.

Kabla hujauza hata debe moja baada ya kuvuna, hesabu kwanza magunia ya kula mpaka Juni inayofuata. Yaweke kando. Watu wote wa nyumbani wajue kwamba hayo hayauzwi. Baba na mama wahesabu pamoja, si baba peke yake.

ANZA SABASABA

Kuanzia Sabasaba, tarehe 7 Julai, mpaka tarehe 15 Desemba kuna wiki 23. Ukiweka shilingi 1,000 kila wiki utakuwa na 23,000. Ukiweka 2,000 utakuwa na 46,000. Usidharau kiasi hicho. Mtu hawezi kutoa 46,000 kwa siku moja bila kuumia, lakini 2,000 kwa wiki huweza kupatikana kidogo kidogo. Weka katika kibubu, au katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mimi naona kikundi ni bora, kwa sababu kibubu unakijua mlango wake.

Nguo nunua mapema. Fundi cherehani wa Oktoba ana nafasi, anapima vizuri na anakusikiliza. Fundi wa Desemba anakuambia njoo kesho, mpaka sikukuu inapita. Tena, si lazima mtoto apate viatu vya Krismasi halafu vya shule. Nunua viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa kidogo. Tarehe 25 atakwenda navyo kanisani, na Januari atakwenda navyo darasani. Mtoto atalalamika kidogo. Mwache alalamike.

NYAMA YA SIKUKUU

Hapa naomba usome mara mbili.

Watu wengi wa mikoa yetu hula nyama ya nguruwe siku ya Krismasi. Ni chakula kizuri. Hatari iko katika haraka ya tarehe 24 jioni, wakati nguruwe anachinjwa nyuma ya nyumba na hakuna aliyepima nyama. Ukiona ndani ya nyama kuna vifuko vyeupe kama punje za mchele, hao ni watoto wa mnyoo uitwao tegu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva sawasawa, tegu hukua tumboni mwake na kuwa mrefu mita kadhaa. Kisha mtu huyo hutoa mayai ya tegu katika kinyesi.

Sikiliza vizuri sehemu inayofuata, kwa sababu wengi huikosea. Mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa au mboga zisizooshwa, watoto wa tegu huweza kwenda kukaa katika ubongo. Hapo mtu huweza kupata kifafa. Hajarogwa. Na huenda yeye mwenyewe hajala nyama ya nguruwe hata siku moja. Amepata mayai kwa jirani asiye na choo. Nguruwe naye huyapata kwa kuzurura na kula kinyesi. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi mbele ya redio, wakasoma na kuchimba vyoo. Choo kile kinamzuia tegu mpaka leo.

Basi panga nyama mapema. Kaya tano au sita zichange na kununua kitoto cha nguruwe mwezi wa Juni. Kikae bandani, kisizurure. Kila kaya ilete makombo na pumba kwa zamu. Desemba kitakuwa kimekua vya kutosha. Wiki moja kabla ya sikukuu mwambieni afisa mifugo siku ya kuchinja, ili aje kupima nyama. Akisema haifai, haifai, hata kama mate yanawatoka. Wakati wa kupika, chemsha kwanza mpaka katikati ya pande kusiwe na wekundu. Kuchoma juu juu hakutoshi.

Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe usimle, wala usimchune, hata ukiuziwa kwa bei ndogo. Anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu. Wauzaji wa nyama ya namna hiyo humtafuta mtu aliyechelewa na mwenye fedha kidogo.

Chakula kilichobaki usikiache sufuriani mpaka asubuhi ndipo ukipashe moto kidogo. Pika kiasi cha kuliwa. Kilichobaki gawieni majirani siku hiyo hiyo.

Na mwenye dawa za kila siku, za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au nyingine, aje zahanati kabla ya tarehe 20 Desemba achukue za kumfikisha Januari. Akisafiri aziweke katika mfuko anaoubeba mwenyewe, asizifunge pamoja na mizigo juu ya basi. Fedha ya dawa itolewe kwanza, ndipo ihesabiwe ya mchele.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Nyumbani kwako kuna watu wangapi, na mnahitaji magunia mangapi mpaka Juni?

Krismasi iliyopita ulinunua kitu gani ambacho watu wa nyumbani hawakukihitaji? Je, uliwauliza?

Ni kaya zipi karibu nawe ambazo mnaweza kufuga nguruwe mmoja pamoja, na kati ya kaya hizo ni zipi ambazo bado hazina choo?