Njooni na Maji Mafu

Leo tuache kidogo mambo ya mahari na mawifi wakorofi. Nimepata barua ya kijana mvuvi wa delta ya Rufiji ambaye baba yake amelazwa hapa Utete. Mzee alianguka alfajiri akitia udhu. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukaenda upande, maneno hayatoki. Kiharusi. Wakamshusha kwenye boti, wakasubiri maji yajae, wakafuata mto hadi Muhoro, na Muhoro wakapata gari. Delta siku hizi ni wilaya ya Kibiti na Utete ni Rufiji, ila mgonjwa hafuati mipaka, anafuata maji na anafuata gari lilipo. Kijana anaandika ikiwa siku ya kumi na mbili wodini.

Kilichonifanya niisome barua mara mbili ni kwamba swali lake halimhusu baba. Linawahusu marafiki zake. Wako sita, wa chombo kimoja. Siku tatu za mwanzo walikuja wote kwa pamoja, wakajaa getini mpaka mlinzi akapandisha sauti. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa machungwa, na mmoja kaleta kambamiti wa kukaanga kwa mtu asiyeweza kumeza mate yake. Siku ya nne wakawa wawili. Siku ya saba hakuja mtu. Kijana amekasirika, anaona ametupwa. Tena anafikiria kuuza nyavu zake ili amalizane na gharama, asimtegemee mtu.

Mdogo wangu, pole sana. Na nyavu usiuze, nitakuambia kwa nini. Kwanza nikuulize: hiyo siku ya saba mwezi ulikuwaje? Maana nimehesabu kwa tarehe ulizoandika, nikaona bamvua, yale maji makubwa, lilikuwa limeingia. Wewe mwenyewe, kama baba angekuwa mzima, ungekuwa wapi siku ile? Si ungekuwa majini? Wenzako wana watoto wanaokula, wana tajiri wa chombo anayedai hesabu. Hawakukutupa. Walikuja kama watu wanavyokuja kwa mgonjwa, wote siku moja, kisha maisha yakawaita.

Nusu ya kosa ni lako, na usininunie. Umeandika kwamba kila walipokuuliza kama kuna kinachohitajika ulijibu hakuna, msijali, tuko sawa. Ukawaaga vizuri, wakaenda. Sasa mtu aliyeambiwa tuko sawa atarudi kufanya nini? Vijana wa pwani mna ugonjwa huu wa kuona kuomba ni kujidhalilisha, na mnauita ustaarabu. Mwenzako akizamisha mtumbwi humuulizi kama anahitaji kitu, unaruka. Ila hospitali si mto, rafiki hauoni mtumbwi unakozama. Lazima umwonyeshe.

Basi waite. Usiwaite wodini, waite chini ya mwembe wowote, na uwe na karatasi. Andika zamu, lakini usiandike kwa Jumatatu na Jumanne kama wafanyakazi wa ofisi. Andika kwa maji. Mnajua kuliko mimi kwamba mwenye jarife na mwenye mshipi hawatoki siku sawa, na maji mafu, yale madogo, yana watu wasiokuwa na kazi pwani nzima. Wale ambao bamvua huwabana waje maji mafu, wakae siku tatu mfululizo, walale Utete, wewe urudi nyumbani ukamwone mama na watoto. Bamvua likiingia, abaki yule ambaye kazi yake ni kuchuuza au kushona nyavu. Mgonjwa naye ana maji mafu yake. Ni ile wiki ya tatu, ya nne, wakati machungwa yamekwisha na majirani wamezoea kwamba mzee yuko hospitali. Hapo ndipo mtu mmoja anafaa kuliko sita wa siku ya kwanza.

Akija huyo mmoja, afanye nini? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wanaume wengi wakifika wodini hukaa ukingoni mwa kitanda, wakatazama simu, wakasema Mungu atajaalia, wakaondoka.

Mtu wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya mgongo, nyonga na visigino inakufa na kutoa vidonda ambavyo kupona kwavyo ni kazi kuliko maradhi yenyewe. Manesi ni wachache na vitanda ni vingi. Nyie mna mikono iliyozoea kuvuta, basi mwombeni nesi awafundishe namna ya kumgeuza. Ila sikilizeni: huyu si wavu. Msimvute kwa ule mkono uliolegea, bega litatoka mahali pake na atapata maumivu ya miezi. Mnamshika kiwiliwili, wawili kwa pamoja, taratibu.

Chakula vilevile. Mpaka nesi au daktari aseme anaweza kumeza, hakuna kumpa kitu kwa mdomo, hata maji ya baraka. Akiruhusiwa, aketi wima, kijiko kidogo, uji uwe mzito kidogo, maana maji mepesi ndiyo yanayokimbilia njia ya hewa, na mgonjwa anaweza kupata homa ya mapafu kutokana na kikombe kimoja cha mapenzi. Akimaliza, mtazameni shavu la upande uliolegea, chakula hujificha pale. Asilazwe mpaka nusu saa ipite. Na ng'onda, wadogo zangu, najua ndiyo zawadi mliyo nayo, lakini mtu aliyepigwa na presha hapelekewi samaki wa chumvi. Perege mbichi, mkiruhusiwa, wa kuchemsha.

Halafu zungumzeni naye. Maneno hayatoki, ila wengi wa wagonjwa hawa wanasikia kila kitu, na hakuna adhabu kubwa kama kusikia wanao wanakujadili juu ya kichwa chako kama gogo. Mpeni salamu yake, shikamoo kamili. Mwelezeni mnada wa jana, nani kapata, nani karudi mikono mitupu. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kubana kidole.

Tuje kwenye fedha. Nyavu zako ni mkono wako wa kulia, na wa baba umeshalegea, sasa unataka kuukata na wako? Kabla hujauza hata boya moja, nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini. Sera ya afya ya nchi hii inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo katika hospitali za serikali. Mzee wako umesema amevuka 70. Watataka kumtambua, na mara nyingi kinachokosekana ni barua ya mtendaji wa kijiji. Nayo kuifuata delta ni safari ya kutwa nzima kwa maji. Hii ndiyo kazi ya rafiki mwenye mashine ya boti! Mmoja akaifuate barua, akirudi amekusaidia kuliko aliyekuletea noti ya elfu kumi. Nakiri kwamba msamaha haumalizi kila kitu, dawa nyingine utaambiwa ukanunue nje, na nauli hakuna anayekusamehe.

Hapo kwenye dawa na nauli ndipo wenzako wanapoingia, na nina wazo ambalo unaweza kulikataa. Mnapogawana, mkishatoa petroli, barafu na chakula, kinachobaki kinakatwa kati ya chombo na watu, kila mtu na fungu lake. Ongezeni fungu moja, au hata nusu, mliite fungu la mzee, kwa muda atakaokuwa kitandani. Haliombwi, halichangishwi kwa kupitisha kofia, linatoka lenyewe chombo kikipata. Kisipopata, halipo, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini kaongeeni na tajiri kwanza, tena mwende na mtu mzima, kwa sababu akisikia mitaani atadhani mnampiga. Na pesa usishike wewe. Ashike mwingine, daftari liwepo, kila kinachotoka kiandikwe. Kama mtandao unafika kwenu, kuna huduma kama M-Koba ambayo pesa ya kikundi haitoki kwa kidole cha mtu mmoja. Nimeona udugu wa miaka 20 ukivunjika kwa risiti ya paracetamol iliyopotea.

Jambo la damu pia, maana kuna wengine wanaosoma hapa na mgonjwa wao ni wa upasuaji au ni mzazi aliyejifungua. Damu haiuzwi, atakayewaambia mnunue mkamripoti. Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea, awe mzima wa afya. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke 4. Si lazima kundi lako lifanane na la mgonjwa, unarudisha akiba ili naye apewe inayomfaa. Chombo chenye vijana sita wenye kilo zao ni akiba ya damu inayotembea, ila kuleni kwanza, msije mmetoka kukesha majini mkaanguka pale.

Wazee wa kijiji nao wameshakwambia huo ni upepo mbaya, umempata kwa sababu alitoka nje usiku bila kusoma dua. Umeandika kwamba kuna mjomba anayetaka mzee atolewe wodini apelekwe kwa mganga. Usigombane na mjomba, mwambie asome dua pale pale kitandani, hakuna aliyemkataza. Dua na dripu zinakaa mkono mmoja bila kugombana. Lakini mzee asitoke mpaka daktari amtoe, na akitoka, vidonge vya presha aendelee navyo hata siku anayojisikia kijana. Wengi huacha wakipata nafuu, na kiharusi cha pili mara nyingi huwa kikali kuliko cha kwanza.

Mimi baba yangu aliugua kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, siku za kivuko cha Ndundu, mto ukijaa unalala kando ya barabara na mgonjwa wako. Alilazwa muda mrefu, mjini. Walikuja watu wengi sana mwezi wa kwanza, sura zao zimenitoka. Ninayemkumbuka alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mwenzake wa kuvua ziwani, mtu wa maneno machache, wa kutega na kutegua. Hakuleta machungwa. Alikuja na wembe mpya na kipande cha sabuni, akaomba maji ya vuguvugu, akamnyoa baba ndevu. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu kila dakika mbili alisimama kumsimulia habari ya kiboko aliyewapindua mwaka gani sijui. Baba alicheka upande mmoja wa uso. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu alipolazwa.

Kwa hiyo leo jioni kaandike hiyo karatasi. Jina la kwanza liwe la yule wa kambamiti, mwambie nimesamehe, na zamu yake aje na mikono mitupu. Kisha tafuta mkeka, ulale mpaka alfajiri, usiku mmoja tu mwachie mwenzio amgeuze. Mzee akifumbua macho, mfikishie shikamoo yangu.