Mliodhulumiwa, Msidhulumiane



Jirani akiwadhulumu, dhuluma hiyo haibaki mpakani mwa shamba. Inaingia nyumbani, inakaa nanyi mezani, inalala nanyi kitandani. Mume aliyenyang'anywa ng'ombe hunyamaza siku tatu. Mke anayeulizwa na watoto kwa nini baba hasemi huanza kujibu kwa ukali. Mwishowe aliyewakosea yuko kwake anakula na kulala, na ninyi wawili ndio mnaoumizana.

Familia nyingi za Kedowa zinalijua jambo hili. Fujo za kikabila zilizoanza Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, upande wa Nandi, zilifika hadi Kericho. Tena, matokeo ya kura yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nyumba zilichomwa Kipkelion na Londiani, na majirani waliokuwa wakichuma chai na kupanda viazi pamoja wakakimbiana. Katika Kenya nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100. Watawa wa monasteri ya Kipkelion, iliyoanzishwa mwaka 1956, waliwapokea mamia ya waliokimbia. Mwaka huo wa 2008 watawa wenyewe walihamia Uganda.

Viongozi walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Kesi zilizopelekwa katika mahakama ya kimataifa huko The Hague ziliisha bila mtu kuhukumiwa kwa fujo hizo, moja Desemba 2014 na nyingine Aprili 2016. Kwa hiyo yuko mume, yuko mke, ambaye hadi leo anauliza: haki yangu iko wapi? Swali hilo si dhambi. Zaburi zimejaa watu waliomwuliza Mungu hivyo hivyo.

Nyumba ya Tobiti na Ana

Kitabu cha Tobiti kinatuonyesha mume na mke waliodhulumiwa. Tobiti aliwazika ndugu zake waliouawa na mfalme Senakeribu. Kwa tendo hilo jema alitafutwa auawe, akakimbia, na mali yake yote ikachukuliwa. Alibakiwa na watu wawili tu: mkewe Ana na mwanawe Tobia. Baadaye akapofuka, na Ana akawa anafuma ili wapate chakula.

Siku moja waliompa Ana kazi walimlipa ujira wake, wakamwongezea mwanambuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia, alimshuku mkewe kuwa amemwiba, akamwamuru amrudishe. Ana alimweleza kuwa amepewa, naye hakuamini. Ndipo Ana alipomjibu kwa maneno makali juu ya wema wake ambao haukuwaletea faida yoyote.

Tazameni vizuri. Mfalme ndiye aliyewanyang'anya, lakini aliyehukumiwa siku hiyo ni Ana. Mtu mwadilifu, kwa uchungu wake, alimshuku yule mmoja aliyekuwa akimlisha. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Mume anamwambia mke, "Wewe ndiwe uliyewakaribisha watu wale." Mke anamwambia mume, "Ungekuwa mwanamume wasingetuchukulia shamba." Na pale ambapo mume ni Mkipsigis na mke ni Mkikuyu au Mkisii, neno moja la hasira juu ya "watu wa kwenu" linaweza kuharibu kazi ya miaka ishirini.

Tobiti hakuishia hapo. Alilia, akasali, na sala yake ilianza kwa kukiri kwamba Mungu ni mwenye haki. Mungu alimsikia, akamtuma malaika Rafaeli. Msaada ulifika ukiwakuta mume na mke bado wako pamoja.

Kumwachia Mungu ni nini?

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waroma sura ya 12, anatukataza kujilipizia kisasi. Lakini wengine hulielewa vibaya neno hili.

Kwanza, kumwachia Mungu si kulaani. Wapo wanaosema, "Mimi nimemwachia Mungu," kisha kila jirani anapopatwa na homa wanafurahi moyoni. Tunapenda kusema malipo ni hapa hapa duniani. Kristu hakutuahidi hivyo. Mengine yatalipwa siku ya hukumu, na hesabu hiyo si yetu.

Pili, kumwachia Mungu si kunyamaza. Mjane wa Injili ya Luka sura ya 18 hakuchoka kwenda kwa hakimu. Kama mna hati ya shamba, ipelekeni kwa chifu, kwa ofisi ya ardhi, kwa mahakama. Kutafuta haki kwa njia ya sheria si kisasi. Kisasi ni panga na kiberiti.

Tatu, msamaha haufuti deni la aliyeiba. Kanisa linafundisha kwamba mali iliyoibwa sharti irudishwe kwa mwenyewe.

Neno kwa waliochukua

Hapa tuseme na upande wa pili pia. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na mkewe Yezebeli akapanga njia ya kulipata kwa damu. Ahabu angekuwa na mke wa kumwambia, "Hapana, baba watoto, hiki si chetu," Nabothi asingekufa. Kama nyumbani mwenu kuna bati, ng'ombe au shamba la mtu aliyekimbia, ulizaneni leo limetoka wapi. Eliya alipomkemea, Ahabu alijinyenyekeza, na Mungu akaiahirisha adhabu. Haki ya Mungu humpa mkosaji nafasi ya kutubu. Tukumbuke kwamba nafasi hiyo hiyo tunaihitaji sisi sote.

Mfanye nini nyumbani?

Usiku, watoto wakishalala, kila mmoja amweleze mwenzake jambo linalomuuma zaidi, na mwingine asikilize bila kumkatiza. Msiwafundishe watoto majina ya kabila la kuchukia. Waelezeni yaliyotokea kwa ukweli, bila chumvi. Msifanye uamuzi wowote juu ya kesi au shamba kabla ya kukubaliana wawili. Kisha salini pamoja, na mtajeni aliyewakosea kwa jina lake. Mara za kwanza jina hilo litakwama kooni. Salini hivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni dhuluma gani kutoka nje ambayo bado inatugombanisha?
2. Je, nimewahi kukulaumu wewe kwa kosa la mtu mwingine?
3. Kuna kitu chochote nyumbani mwetu ambacho si haki yetu kuwa nacho?