Kukuza Nyanya kwa Vichipukizi Bila Udongo: Chagua Mmea Mama Wenye Afya

Wakulima wa nyanya wa Nyaramba na maeneo mengine ya Kaunti ya Nyamira wanaujua vyema mnyauko wa bakteria. Mmea uliokuwa mzima asubuhi hulegea mchana, na baada ya siku chache hufa majani yakiwa bado ya kijani. Bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka mingi, na hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mmea ulioambukizwa. Hushambulia pia viazi, pilipili hoho, biringanya na managu, hivyo kupanda viazi baada ya nyanya hakusaidii.

Kwa mwenye shamba dogo, kukuza nyanya ndani ya ndoo au mifuko isiyo na udongo ni njia mojawapo ya kuuepuka ugonjwa huu. Gharama ya miche nayo hupungua akitumia vichipukizi.

Faida ya vichipukizi

Vichipukizi ni matawi madogo yanayoota kati ya jani na shina, ambayo wakulima wengi huyatupa wanapopogoa. Mbegu zinazokamuliwa kutoka kwa tunda la nyanya chotara, kama Anna F1, hazitoi mimea inayofanana na mama. Kichipukizi hufanana naye kabisa, na hutoa maua mapema kuliko mche wa mbegu. Aina zinazofaa ni zile ndefu zinazofungwa kwa kamba. Aina fupi kama Cal J huacha kurefuka mapema.

Hata hivyo, kichipukizi hurithi pia ugonjwa wa mama. Mkulima akikitoa kwenye mmea mgonjwa, atakuwa ameubeba mnyauko kwa mkono wake hadi kwenye ndoo safi.

Kupima mmea

Kata shina la mmea uliolegea, karibu na mzizi, kisha ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Kwa kuwa mmea unaweza kuambukizwa kabla ya kuonyesha dalili, usichukue vichipukizi kutoka kwa majirani zake pia. Epuka vilevile mimea yenye majani yaliyojikunja au yenye madoadoa ya manjano.

Hatua za kufuata

1. Tayarisha kokopiti, pumisi au mchanga wa mto uliooshwa. Mwagia maji yanayochemka, kisha uache upoe. Ndoo iwe na matundu chini.

2. Nawa mikono kwa sabuni, hasa ukivuta sigara, kwa maana tumbaku hueneza virusi vya nyanya. Chovya kisu kwenye maji ya jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohamia mmea mwingine.

3. Asubuhi, kata vichipukizi vya sentimita 10 hadi 15. Ondoa maua na majani ya chini, ubakize mawili au matatu ya juu.

4. Chomeka sentimita 5 hivi, weka kivulini na udumishe unyevu bila kutuamisha maji. Mizizi hutokea baada ya siku 7 hadi 14.

5. Mizizi ikishatoka, anza kumwagilia mbolea kamili iliyoyeyushwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kokopiti na mchanga havina chakula cha kutosha.

6. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Maji yanayotiririka kutoka mashamba ya jirani huleta bakteria. Inua ndoo juu ya mawe zisiguse ardhi.

Baada ya mizunguko michache, anza upya kwa mbegu zilizoidhinishwa, kwa kuwa virusi huongezeka kadiri vichipukizi vinavyotolewa kwa vichipukizi vingine. Mkulima anayeshuku mnyauko anashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kuhamisha mche wowote.