Muwasho Ukeni: Si Kila Mara Ni Fangasi

Binti anasimama pembeni ya kaunta ya duka la dawa, anangoja wateja waondoke, kisha ananong'ona: "Nipe dawa ya fangasi." Anapewa. Hakuna aliyemuuliza kama ni mjamzito, wala kama uchafu unaomtoka una harufu. Pasipo maswali hayo, dawa inatolewa kwa kubahatisha.

Fangasi wa ukeni, ambao mara nyingi ni wa jamii ya Candida, huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kuwadhuru. Bakteria wazuri wa ukeni huwazuia wasizaliane kupita kiasi. Ulinzi huo ukilegea, kwa mfano baada ya kutumia antibayotiki, wakati wa ujauzito au sukari inapopanda kwa mwenye kisukari, fangasi hushamiri. Kwa hiyo akina baba msiwashuku wake zenu. Fangasi hawahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na hata msichana ambaye hajawahi kujamiiana anaweza kuwapata.

Dalili yao kubwa ni muwasho mkali. Sehemu za nje huvimba na kuwa nyekundu, mkojo huchoma unapogusa ngozi, na uchafu hutoka mweupe, mzito, wenye mabonge kama mtindi. Kwa kawaida haunuki. Ukinuka kama samaki, au ukiwa wa kijani au njano wenye povu, hilo ni tatizo jingine, na dawa ya fangasi haitalitibu. Huenda ni trikomonasi, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, na hapo mke na mume hutibiwa wote wawili.

Tunawasihi akina mama na mashangazi wanaowafunda mabinti: acheni kuwafundisha kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo huchubua na kuua bakteria wale wale wanaoulinda. Nje, maji safi yanatosha.

Vidonge vya klotrimazoli, dawa ya fangasi, huwekwa ukeni usiku, wakati wa kulala, ili visidondoke. Maliza dozi hata muwasho ukiisha mapema. Mjamzito asimeze flukonazoli bila kuandikiwa na daktari.

Nenda kituo cha afya ikiwa hii ni mara yako ya kwanza, ikiwa una mimba, au ikiwa mgonjwa ni mtoto ambaye hajavunja ungo. Nenda pia ukiwa na vidonda, ukitokwa na damu isiyo ya hedhi, au dalili zisipoisha baada ya siku 7 za dawa. Maumivu chini ya kitovu yakiambatana na homa, nenda siku hiyo hiyo. Fangasi wakirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na VVU.

Kipimo cha fangasi ni chepesi: mhudumu huchukua ute kidogo kwa kijiti chenye pamba, na maabara huuangalia kwa hadubini. Ukiona haya, omba kuhudumiwa na muuguzi wa kike.