Kisasi, Sheria na Maadili katika Hadithi Mbili za Edgar Allan Poe

Fasihi ya kigothiki hupenda giza, mahandaki na majumba makongwe. Mandhari haya si pambo tu. Ni mahali ambapo mkono wa sheria haufiki, na aliyedhulumiwa huachwa na dhamiri yake pekee. Hadithi mbili za Mmarekani Edgar Allan Poe (1809–1849) zinalidhihirisha jambo hili.

Katika "The Cask of Amontillado" (1846), Montresor anamlaghai Fortunato kwa mvinyo adimu, anamwingiza katika mahandaki ya ukoo wake, anamfunga mnyororo na kumjengea ukuta angali hai. Montresor amejiwekea masharti mawili: mlipizaji asiadhibiwe, na mkosaji amtambue anayemlipiza. Sharti la kwanza linatimia, kwani miaka 50 inapita bila siri kufichuka. La pili lina walakini. Fortunato anamwona muuaji wake, lakini haambiwi kosa alilotenda. Hata msomaji halielezwi waziwazi. Montresor ni mlalamishi, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja. Hukumu ipo, shtaka halipo.

Mambo ni tofauti katika "Hop-Frog" (1849). Mhusika mkuu ni mlemavu aliyetekwa kwao na kufanywa mchekeshaji wa mfalme. Mfalme anapomsukuma Trippetta, rafiki wa Hop-Frog, na kummwagia mvinyo usoni, Hop-Frog hana mahakama ya kuendea, kwa kuwa mfalme ndiye sheria. Anawashawishi mfalme na mawaziri wake 7 wajigeuze masokwe kwa lami na kitani, kisha anawateketeza mbele ya wageni huku akitangaza kosa lao. Hapa shtaka linasomwa hadharani.

Je, hiyo ni haki? Msomaji humwonea huruma Hop-Frog kwa sababu dhuluma aliyotendewa inajulikana na njia za sheria zimezibwa. Hata hivyo, aliyemwaga mvinyo na waliomuunga mkono wanapata adhabu moja, wala hakuna aliyepewa nafasi ya kujitetea. Shtaka lipo, utetezi haupo.

Kwa hivyo, Poe haonyeshi tu ubaya wa kisasi. Anaonyesha kile ambacho kisasi hakiwezi kukitoa hata kikiwa na sababu nzuri: sikio la tatu, lisilo la mdhulumiwa wala la mdhulumu, la kusikiliza kabla ya kuhukumu. Katika hadithi zote mbili, sikio hilo linabaki kuwa la msomaji, naye hulitega wakati waliohukumiwa wamekwisha kufa.