Bluberi Nyumbani: Pima Udongo Kabla ya Kununua Miche

Mche wa bluberi ni ghali, na mara nyingi hufa mikononi mwa mkulima hodari. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima, akidhani mmea una njaa, huongeza samadi na majivu ya jikoni, na hali huzidi kuwa mbaya. Kumbe mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma kwa sababu udongo hauna asidi ya kutosha.

Bluberi huhitaji pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Mahindi na sukumawiki hupenda udongo usio na asidi nyingi hivyo, ndiyo maana wakulima wengi wamezoea kutia chokaa. Kwa bluberi, chokaa na majivu ni adui. Mahali chai inapostawi huenda pakafaa, lakini kubahatisha ni hasara. Sampuli ya udongo ipimwe kwanza. Maabara ya KALRO huko Kabete hupima, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kuonyesha jinsi ya kuchukua sampuli hiyo.

pH ikiwa juu kidogo, salfa huishusha. Hata hivyo, bakteria wa udongoni huchukua miezi kuigeuza kuwa asidi, kwa hivyo itiwe mapema. Ikifika 7 au zaidi, afadhali kupanda kwenye ndoo kubwa ya lita 40 hivi, iliyotobolewa chini na kujazwa mchanganyiko wa magome ya msonobari na nyuzi za nazi.

Mizizi ya bluberi ni myembamba na haiendi chini sana. Jembe huikata, basi magugu yang'olewe kwa mkono. Shina lizungushiwe matandazo ya maranda au majani ya msonobari, na udongo usikauke wala kutuamisha maji. Maji ya mvua ndiyo bora, kwani ya kisima mara nyingi hupandisha pH polepole, na kazi yote ya salfa ikapotea. Mbolea iwe salfeti ya amonia kidogo kidogo, si CAN.

Muuzaji wa miche aulizwe aina. Zile za nchi za theluji huhitaji mamia ya saa za baridi kali ili zichanue vizuri. Zinazofaa hapa ni zile zisizohitaji baridi nyingi, kama Emerald na Jewel zilizozalishwa Florida, Marekani. Aina mbili zikipandwa karibu, nyuki huchavusha vizuri na matunda huwa makubwa.

Maua ya mwaka wa kwanza yatolewe, ingawa inauma, ili mmea ujenge mizizi. Baadaye ndege watakuja, na dawa yao ni neti. Tunda likishakuwa buluu lisichumwe siku hiyo hiyo. Likiwa bado na wekundu karibu na kikonyo ni chachu, na halitaongeza utamu likishachumwa.